Jogoo Mmoja, Wageni Wawili

Siku mbili baada ya Mzee Mwikwabe kumkuta mwanawe jikoni, kelele zake zilifika shuleni kabla yeye mwenyewe hajafika. Nilikuwa ubaoni, darasa la sita, nahangaika na Hisabati ya sehemu zenye asili tofauti, nikamsikia toka barabarani: "Yuko wapi huyo mwalimu wa sufuria?"

Mwalimu wa sufuria ni mimi. Jina langu ni Dorotea. Jumatatu mpaka Alhamisi nafundisha Hisabati, na Ijumaa mchana nafundisha Stadi za Kazi: kushona vifungo, kulima bustani, na zaidi ya yote kupika. Shule yetu iko pembeni ya barabara ya Musoma, ukishaipita Kiabakari kidogo, na nyuma ya madarasa tuna jiko la tofali tulilojenga na watoto wenyewe. Wavulana wanapika, wasichana wanapika, wote wanaosha vyombo. Hapo kwenye wavulana ndipo maneno yalipoanzia.

Mzee Mwikwabe ni mwenyekiti wa kamati ya shule. Ana ng'ombe wengi, ana sauti kubwa kuliko ng'ombe wote, na mtoto wake wa mwisho, Eliud, yuko darasani kwangu. Jumamosi ile mama yake Eliud, Mbuke, alikuwa amelala na malaria. Basi Eliud akawasha moto, akasonga ugali wa muhogo na mtama, akachemsha mboga ya mgagani akaiunga kwa maziwa, akampelekea mama yake kitandani. Angemaliza hapo isingekuwa hadithi. Lakini baba yake alirudi toka mnadani na wakwe zake wawili, wakamkuta kijana amechuchumaa kwenye mafiga, mwiko mkononi. Mkwe mmoja akasema, "Mwikwabe, tulijua una vijana watatu. Kumbe wawili na binti mmoja." Wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Sasa hicho kicheko ndicho kilichomleta kwangu Jumatatu asubuhi, fimbo mkononi, kofia imekaa upande.

"Mwalimu, mtoto yangu umemfanya mwanamke!"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba! Mtoto yangu umemfanya mwanamke!"

"Mama yake alikuwa anaumwa, mzee. Ulitaka alale na njaa?"

"Majirani walikuwepo!"

"Majirani nao wana wagonjwa wao."

Akanitazama kama mtu anayetazama ndama asiyejua ametokea zizi gani. "Wewe mtu wa samaki huwezi kuelewa. Kwenu Kiriba huko wanaume wanakaangaga dagaa hata juu ya maji. Sisi huku tuna ng'ombe."

"Na hao ng'ombe wanapikaga?"

Darasa zima likaangua kicheko, na hapo nikajua nimeharibu. Utani wa watu wa ziwani na watu wa ng'ombe upo, tunataniana misibani na harusini, hakuna anayenuna. Lakini mtu mzima humtanii mbele ya watoto, tena mwanawe akiwa dawati la pili anaangalia chini. Mimi ulimi wangu hauna breki, mama yangu alinililia sana kwa hilo. Mzee aligeuka akaenda moja kwa moja ofisini kwa Mwalimu Mkuu, na mwenyekiti akienda ofisini kimya, mjue kuna jambo.

Mwalimu Mkuu wetu, Mwalimu Chrispin, ni mtu wa amani. Anaogopa wageni wote, hata anayekuja kuomba maji ya kunywa. Mchana akaniita, akanifungia mlango, akasafisha koo.

"Mwalimu Dorotea, Hisabati kwenye mtihani wa moko tumefanya vibaya."

"Najua. Mimi ndiye mwenye hiyo Hisabati."

"Basi nimewaza. Ijumaa mchana tukiifanya Hisabati, watoto wanapata mazoezi ya ziada, na mzee naye anatulia. Jiko tunaligeuza stoo ya mahindi."

Jamani, nilipandwa na hasira! Nikamuuliza kama anakumbuka Ijumaa zilivyokuwaga. Nusu ya darasa walikuwa hawaji, huyu yuko mnadani, yule yuko malishoni, mwingine anasema alikuwa na tumbo. Tangu tuanze kupika, Ijumaa hakuna dawati linalobaki wazi. Nikamwambia habari za Ghati, yule binti aliyekuwa akiona sehemu ubaoni anainamia dawati kama anatafuta peni. Leo Ghati anakuambia robo tatu ya kikombe cha unga bila kupepesa macho, kwa sababu akikosea ugali unakuwa uji na wenzake wanamzomea. Na mimi mwenyewe, nikamwambia, hiyo Ijumaa ndiyo inayonifanya Jumatatu niamke. Hapo ikabidi nitazame dirishani.

Mwalimu Chrispin si mtu mbaya. Akasugua paji la uso, akasema suala limeshafika kwa Afisa Elimu Kata, Madam Esther, na wamekubaliana na mzee namna ya kulimaliza. Ijumaa ile ile wageni wawili, Madam na mwenyekiti, waje wale chakula cha watoto, wazazi wakiwepo, na uamuzi utolewe hapo hapo mezani. Wakisema ndiyo, tunaendelea. Wakisema hapana, Ijumaa inayofuata sufuria zinafungiwa.

"Na mzee kasema kuku analeta yeye," akaongeza. "Ili usije ukasema amekuja kula cha bure."

Kweli, Ijumaa asubuhi Eliud alikuja amekumbatia jogoo mwekundu, kishingo asiye na manyoya shingoni, miguu minene kama ya mtu anayelima. Jogoo huyo alikuwa anajulikana kijijini. Alishawahi kumfukuza mpiga picha wa harusi mpaka barabarani. Wazazi waliokuwa wanachota maji wakamwona anavyopita, wakasema, heee, leo Mwikwabe ametoa roho yake mwenyewe.

Kazi ikaanza. Eliud akachinja, Alfonce na wenzake wakanyonyoa, wengine wakachambua mchele, wengine wakakatakata vitunguu huku wanalia. Msimamizi wa jiko alikuwa Ghati. Ukimwona Ghati jikoni unaweza kumwamkia shikamoo. Amefunga kanga kiunoni, anaonja hiki, anakemea yule, na hata mimi akinikuta nimesimama njiani ananiambia, "Mwalimu, samahani, sogea."

Akapasua firigisi ya jogoo, akatoa changarawe, akamenya ile ngozi ya njano, akaiosha ikawa safi. Kisha akainyanyua kwa vidole viwili.

"Mwalimu, hii anakula nani?"

Visu vyote vikasimama.

Mimi, kusema kweli, sikuwa nimewaza. Kwetu Kiriba mgeni tunampa kichwa cha sato, na ukiwa na wageni wawili unavua sato wawili. Ila nimeolewa na nimeishi na watu wa huku muda wa kutosha. Firigisi ni ya mkubwa. Baba wa nyumba, au mgeni wa heshima kuliko wote. Ukimpelekea mgeni kuku halafu asiione firigisi, ni afadhali ungempa ugali na chumvi akajua moja.

"Apewe mzee," akasema Alfonce. "Kuku ni wake."

"Mgeni rasmi ni Madam," akasema Ghati.

"Madam ni mwanamke!"

"Madam ndiye anaandikaga ripoti."

"Basi ikatwe katikati," akasema mtoto mmoja wa mjini aliyehamia mwaka huu, na jiko zima likamgeukia: "Haikatwi!" Maskini akarudi kwenye vitunguu vyake. Eliud akasema labda tudanganye kwamba jogoo hakuwa nayo. Ghati akamuuliza, sasa alikuwa anasagia mahindi na nini, meno?

Nikaenda kwa Mwalimu Mkuu. Nilipomweleza akakaa chini.

"Mwalimu Dorotea, usicheze. Kuna shule moja, siitaji, walimpa Madam shingo. Shingo! Firigisi akala mwalimu mkuu. Madam alikula wali mtupu, akashukuru, akawasha pikipiki yake. Ile ripoti iliyofuata mpaka vyoo vyao vilitajwa."

"Basi apewe Madam."

"Mzee atasusa. Mzee akisusa wazazi wote wanasusa."

"Basi apewe mzee."

"Madam atatuandika."

"Basi nile mimi!"

Akacheka sana, akidhani ni utani. "Wewe tena, Mwalimu! Mwanamke na firigisi wapi na wapi?"

Sikucheka. Nina miaka arobaini na kitu, nimechinja, nimenyonyoa na nimepika kuku wasiohesabika, na firigisi sijawahi kuionja. Kwanza ilikuwa ya baba, tulipohamia huku kwa mjomba ikawa ya mjomba, kisha ya mume, na sasa mwanangu wa kiume akikaa mezani anaitafuta kwa uma. Sikuwahi kuona ni jambo la kulalamikia. Lakini siku hiyo kile kicheko kiliniuma, nikatoka pale ofisini naongea peke yangu.

Na hasira ndizo zilizonipa akili, au niseme zilinitoa akili, mtaamua wenyewe. Nikasimamisha bodaboda, nikasema, "Kiabakari, haraka."

Pale Kiabakari kuna kijana anaitwa Yusto, ana banda la chipsi, na kuku wake ni wa kisasa. Kuku hao wanakuja wameshachinjwa na kufungashwa, firigisi anaziweka pembeni anachoma mishikaki jioni.

"Nipe firigisi moja, mbichi," nikamwambia.

"Moja? Mwalimu, watu wanachukuaga bakuli."

"Moja, Yusto. Na usiniulize."

Akanifungia kwenye kipande cha gazeti, na bodaboda alikuwa bado hajazima injini. Njiani nilijisikia mjanja kweli kweli. Wageni wawili, firigisi mbili, kila mtu na heshima yake, sufuria zangu zimepona. Nilijisifu mpaka geti la shule.

Ghati akafungua lile gazeti, akaitazama, akaibonyeza.

"Mwalimu, hii ni ya kuku gani? Laini hivi?"

"Nyamaza, upike."

Hakuuliza tena, ila aliipika kivyake, kwa sababu ya jogoo ilitaka moto mrefu na hii ingeyeyuka. Mwisho akazilaza zote mbili kwenye rojo la nyanya na binzari, na kwa macho yangu mimi zilikuwa mapacha. Yeye ndiye aliyejua ipi ni ipi.

"Sasa ya jogoo inaenda wapi?"

Hapo ndipo ningeweza kufanya busara. Ningesema ya jogoo ampe mwenye jogoo, na Madam wa watu, ambaye hana habari za huyo kishingo, ale ya Yusto. Lakini nikamkumbuka mzee na fimbo yake mlangoni pangu, mwalimu wa sufuria, mtu wa samaki. Nikasema moyoni, mleta vita ale ya kisasa.

"Ya jogoo kwa mgeni rasmi," nikasema. "Ya mzee hiyo nyingine. Mwagia rojo jingi."

Saa nane mchana Madam Esther akaingia na pikipiki yake, kofia ngumu kichwani, mwanamke mrefu, mpole wa sauti, lakini ana tabia ya kukutazama mpaka umalize kusema uongo wako. Tuliwaketisha mezani mbele ya darasa, yeye na Mzee Mwikwabe. Wazazi walijaa kwenye madawati, wanawake wengi nyuma karibu na mlango. Mbuke alikuwepo, amepona ila amekonda, kanga mabegani. Mwalimu Chrispin akaomba baraka, sala ndefu iliyogusa mvua, mitihani na amani ya nchi, mpaka wali ukaanza kupoa. Tukasema amina.

Eliud akanawisha wageni mikono. Baba yake alinyoosha mikono bila kumtazama. Ghati na Alfonce wakaleta sahani mbili zilizofunikwa, wakaziweka, wakarudi nyuma kwa adabu.

Mzee akafunua yake. Akaiona firigisi imekaa juu ya wali. Uso wake ukafunguka, nusura atabasamu, nami nikashusha pumzi. Akaichukua, akaing'ata kidogo pembeni.

Wakati huo huo Madam Esther akafunua yake.

"Ala!" akasema, amefurahi kweli. "Jamani, mmenipa firigisi!" Na akainyanyua juu ili wazazi wote waone walivyomheshimu.

Mzee akaacha kutafuna. Akaitazama ile ya Madam. Akaitazama ya kwake, mahali alipoing'ata. Akaitazama tena ya Madam.

"Mwalimu Dorotea," akasema taratibu, "kuku yangu ilikuwa na firigisi ngapi?"

Nyuma huko sauti ya mzazi mmoja ikasema, "Jogoo wa Mwikwabe alikuwa na ziada!" na darasa likalipuka. Mwalimu Chrispin akaanza kukohoa, akakohoa mpaka akatoka nje, na kikohozi hakikumwisha mpaka alipoona ni aibu kurudi na aibu kubaki huko, akarudi akasimama mlangoni.

Mzee hakucheka. Akabonyeza firigisi yake kwa kidole. "Hii sio ya jogoo yangu. Hii imekulia kwenye taa ya umeme, haijawahi kuparua ardhi. Hii haina hata nguvu ya kunikataa. Jogoo yangu iko pale." Akaonyesha sahani ya Madam kwa kidole. "Mwalimu, umenipa mimi ya dukani kwenye kuku yangu mwenyewe?"

Nilitaka ardhi ipasuke. Watoto wote walikuwa wananitazama mimi, na Ghati alikuwa ameshika pindo la kanga kwa meno. Nikaona Ijumaa zote zinaondoka, stoo ya mahindi hiyo hapo, magunia mpaka darini. Na kwa sababu nilishajua nimepoteza, nikasema ukweli.

"Ndiyo, mzee. Nimeinunua Kiabakari asubuhi, watoto hawana kosa. Mko wageni wawili, firigisi moja. Nikimpa Madam, wewe unasusa. Nikikupa wewe, Madam ananiandika. Nikiikata, nimewatukana wote. Ningefanyaje? Niambie wewe, ungefanyaje?"

"Ungenipa mimi!"

"Kwa nini?" akauliza Madam Esther, kwa ile sauti yake ya upole.

Mzee akageuka. "Kwa sababu, Madam, kwa heshima yako, firigisi inaliwa na mkubwa. Na kuku ni yangu."

"Hapo sawa. Mkubwa mimi sipingi, wewe baba yangu ni mkubwa." Akaiweka firigisi chini, akajifuta vidole. "Ila huyu kuku, baba, tuulizane. Asubuhi nani anamfunguliaga banda?"

"Mama Eliud."

"Anayemwagia mtama?"

"Mama Eliud. Lakini..."

"Kipindi kile cha kideri, kuku wa kijiji chote wakafa, nani alilala nao ndani akiwapa dawa?"

Kila mtu pale alijua. Mwaka ule Mbuke alikuwa anazunguka na vifaranga ndani ya kapu, watu wakimcheka.

Madam akasimama. Akachukua sahani yake nzima, wali, firigisi na paja, akapita katikati ya madawati mpaka nyuma kabisa, akaiweka kwenye mapaja ya Mbuke.

"Mama, mimi na mzee tumekuja leo tu. Karibu chakula."

Nimeshahudhuria mikutano mingi, ya kamati, ya kanisa, ya ukoo, sijawahi kuona sahani ya mgeni ikipelekwa nyuma hivyo. Mwanamke aliyekaa karibu na Mbuke akasogea pembeni kidogo, kama anakwepa radi. Mbuke akaitazama ile sahani. Akamtazama mwanawe, Eliud, aliyesimama na birika la maji mkononi, amesahau kuliweka chini. Upande wa mumewe hakugeuka kabisa.

Nilijua atakataa. Mimi ningekataa, nawaambia kweli, na mdomo wangu huu wote. Ningesema asante, nimeshiba, ningerudisha sahani kwa mikono miwili.

Mbuke akaomba maji. Eliud akamnawisha. Akaichukua firigisi ya jogoo, akaing'ata katikati.

Na firigisi ya jogoo mzee si kitu cha kumeza haraka, jamani. Mbuke alitafuna upande wa kushoto, akahamishia kulia, akarudisha kushoto, na sisi wote tumekaa, mwenyekiti, Madam, Mwalimu Mkuu na kikohozi chake, tunamsubiri mwanamke mmoja amalize kutafuna. Hakufanya haraka. Alikula kipande cha kwanza, akala na cha pili. Akajifuta midomo kwa pindo la kanga.

"Imeiva," akasema. Halafu akamtazama Ghati, mpishi kwa mpishi. "Ila chumvi imezidi. Ijumaa ijayo mpunguze."

Mwalimu Chrispin alikuwa ameshika kalamu ya kuandikia uamuzi, akamtazama Madam. Madam alikuwa anamtazama mzee. Mzee alikuwa anaitazama sahani yake, ile firigisi ya Kiabakari yenye alama ya meno yake. Nikaona bega lake moja linashuka, kisha la pili. Akaichukua, akaitia mdomoni yote, akaimeza karibu bila kutafuna.

"Mwalimu," akaniita, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo. "Umesikia alivyosema mama. Wapunguze chumvi."

Majibu nilikuwa nayo mengi. Nilikuwa nayo tangu Jumatatu, nimeyapanga.

"Ndiyo, mzee," nikasema, nikageukia ukutani, maana machozi yalikuwa yananitoka na watoto walikuwa wananiona.